Miguu ya Kwale Katika Sufuria

Mwaka 1991, katika misitu ya milima ya Udzungwa, watafiti wa ndege kutoka Denmark walikuwa kambini wakingoja chakula kiive. Walipochungulia sufuriani waliona miguu ya ndege. Ilielekea kuwa ya kuku, lakini kuku hakuwa, wala haikuwa ya kwale yeyote waliyepata kumwona katika milima ile. Baadaye walimwona mwenyewe akiwa hai, akichakura majani makavu chini ya miti, na mwaka 1994 dunia ikatangaziwa aina mpya ya kwale. Wataalamu walimpa jina la Xenoperdix, maana yake kwale mgeni, kwa kuwa hakufanana na kwale wengine wa Afrika. Undugu wake uko kwa kwale wa milimani huko Asia, ng'ambo ya bahari.

Mgeni alikuwa kwa wenye vitabu. Waliomtega na kumpika walikuwa wakimjua siku zote.

Kisa hicho kinaonyesha vizuri kazi ya kutambua ndege ilivyo. Aliyeshtuka mbele ya sufuria ile hakuwa na manyoya ya kutazama, hakusikia sauti, hakuona ndege akiruka. Alikuwa na miguu tu, na miguu ikatosha kumwambia kwamba hapa pana jambo. Hakuna uchawi ndani yake. Ni matunda ya miaka mingi ya kutazama kitu kidogo kwa makini, na mtu yeyote mwenye macho na subira anaweza kuanza leo, hata kwenye uwanja wa nyumba yake.

Tanzania peke yake ina zaidi ya aina 1,100 za ndege. Dunia nzima ina aina zipatazo 11,000, kwa hiyo katika kila aina kumi duniani, moja inaonekana ndani ya mipaka ya nchi hii. Kenya na Uganda nazo kila moja imevuka 1,000. Hifadhi ya Serengeti, ambayo wengi huijua kwa nyumbu na simba, ina zaidi ya aina 500 za ndege. Mwezi Novemba 1986 wataalamu watatu, Terry Stevenson, John Fanshawe na Andy Roberts, walizunguka Kenya wakahesabu aina 342 ndani ya saa 24. Wawili wa kwanza ndio walioandika baadaye kitabu cha kutambulia ndege wa Afrika Mashariki ambacho tangu mwaka 2002 kimekuwa kikisafiri katika magari ya waongoza watalii, kurasa zake zikichakaa kwa vumbi na vidole.

Hata hivyo, gari la watalii likishaingia hifadhini, macho yote huelekea kwenye nyasi kutafuta mgongo wa simba, au mtini kutafuta mkia wa chui unaoning'inia. Redio za madereva zinaita: simba yuko karibu na daraja. Gari linaondoka mbio, vumbi linatimka, na pembeni mwa njia wanabaki viumbe ambao mtu angesafiri nusu ya dunia kuja kuwaona. Anabaki kambu, aliyetua juu ya tawi kavu, kifua cha zambarau na mbawa za buluu zinazowaka anaporuka. Anabaki tandawala mkubwa anayetembea polepole kama mzee aliyefunga mikono nyuma, dume lake likifikia kilo 18 hivi, mmoja wa ndege wazito kabisa wanaoweza kuruka. Anabaki karani, mwenye manyoya marefu kisogoni kama kalamu alizochomeka mwandishi wa ofisini, akipiga nyoka kwa miguu yake mirefu. Huyu karani amekuwa katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka tangu mwaka 2020. Yawezekana kabisa mtu akapata picha ishirini za simba aliyelala na asiwe na hata moja ya karani.

Kosa la kwanza la anayeanza ni kukimbilia rangi. Rangi hudanganya. Jua likiwa nyuma ya ndege, kila ndege ni mweusi. Kivulini, wa kijani huonekana wa kijivu. Na dume, jike na kinda wa aina moja huweza kuvaa mavazi matatu tofauti. Mbuni dume ni mweusi mwenye nyeupe mbawani na mkiani, jike lake ni la kahawia iliyofifia, na mgeni huapa kwamba ameona ndege wawili wasiohusiana.

Mtazamaji mzoefu huanza na umbo. Anajiuliza ndege huyu ana ukubwa gani akilinganishwa na ndege anaowajua: mdogo kuliko shomoro, sawa na njiwa, au mkubwa kuliko kuku? Kisha mdomo, maana mdomo hueleza anachokula. Chozi ana mdomo mwembamba uliopinda, wa kufyonza utamu wa maua. Mdiria ana mdomo mrefu ulionyooka kama ncha ya mkuki. Mdomo mnene na mfupi ni wa kuvunjia mbegu, na ule wenye ndoana mbele ni wa kuchania nyama. Baada ya mdomo inakuja miguu, urefu wa mkia, mwendo wa kuruka na mahali alipo: juu ya maji, ardhini, kwenye kilele cha mti au katikati ya majani. Kufikia hapo ndege elfu moja wa kwenye kitabu wameshapungua wakabaki labda kumi, na sasa rangi inaweza kuitwa kutoa ushahidi wake.

Lango la Naabi, kusini mwa Serengeti, ni shule nzuri ya jambo hili. Watu hushuka hapo kula chakula chao cha mchana, na kwezi huja kutembea miguuni pa watu wakiokota makombo. Wana migongo ya buluu inayong'aa kama hariri na matumbo ya rangi ya udongo mwekundu. Wengi huwapiga picha na kuondoka wakidhani wameona ndege wa aina moja. Ukikaa kitako ukatazama, utagundua kwamba wako wawili. Mmoja ana mstari mweupe unaokata kifua, na jicho lake limepauka karibu na weupe. Mwingine hana mstari, na jicho lake ni jekundu. Wa kwanza ni kwezi maridadi, aliyeenea karibu kila pahali Afrika Mashariki. Wa pili ni kwezi wa Hildebrandt, ambaye makao yake ni Kenya na Tanzania tu. Wanakula meza moja, tena wakati mwingine katika kundi moja, na kinachowatenganisha ni utepe wa manyoya membamba na rangi ya jicho. Furaha anayoipata mtu siku ya kwanza anapowatofautisha mwenyewe, bila kuambiwa, ni ya kweli na haisahauliki.

Heroe, ambaye wengi humwita flamingo, ana hadithi kama hiyo, ila kwa wingi wa kutisha. Kando ya ziwa Manyara, Natron au Bogoria, mtu huona utando wa waridi majini akasema: flamingo. Wako heroe wa aina mbili. Mkubwa hufikia karibu mita moja na nusu, mwili wake umeelekea weupe, na mdomo wake ni wa waridi wenye ncha nyeusi. Mdogo ni mfupi zaidi, waridi yake imekolea, na mdomo wake ni mwekundu wa giza ambao kwa mbali huonekana mweusi mtupu. Tofauti ya midomo ni tofauti ya vyakula. Mkubwa huchuja wadudu na viumbe wadogo kutoka kwenye tope la chini. Mdogo huchuja mwani mdogo sana unaoelea kwenye maji ya magadi, na rangi iliyomo katika mwani huo ndiyo inayompaka waridi. Ziwa likibadilika, heroe huhama. Nakuru iliwahi kujulikana dunia nzima kwa utando ule, lakini maji ya ziwa yalipoanza kupanda katika miaka ya 2010 magadi yalizimuliwa, mwani ukapungua, na makundi makubwa yakaondoka kutafuta maziwa mengine. Pa kuzalia, lakini, hawana pengi. Karibu robo tatu ya heroe wadogo wote wa dunia huanguliwa katika Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, ambako maji yanachoma ngozi na tope halimruhusu fisi kufika kwenye viota. Ukali huo wa ziwa ndio ngome yao.

Hapa panahitaji kusemwa jambo kuhusu majina. Waongoza watalii wengi hujifunza ndege kwa Kiingereza, kwa sababu wageni wao huuliza kwa Kiingereza na vitabu vimeandikwa hivyo. Hilo si kosa lao. Matokeo yake ni kwamba kijana wa Mto wa Mbu anaweza kutaja majina mia tatu ya kigeni, na bibi yake akimuuliza ndege yule anaitwaje, akakosa la kumjibu. Na hapo mengi hupotea, kwa maana majina ya Kiswahili yalitungwa na watu waliotazama.

Kiswahili hakina njiwa tu. Kina tetere, hua, pugi na ninga, na ninga si njiwa yeyote bali ni yule wa kijani, mla matunda, anayejificha katika majani ya mkuyu mpaka mtu apite chini yake bila kumwona. Hakina kanga tu, kina na kororo. Kanga ana pembe ya mfupa utosini na hutembea katika nyika iliyo wazi. Kororo ana kishungi cha manyoya meusi yaliyojisokota na hukaa vichakani na misituni. Wataalamu wa leo wanawaweka katika makundi mawili tofauti, kama walivyowekwa tangu zamani na watu wa pwani. Wapo pia tai, mwewe, kipanga, kozi, pungu na furukombe, na anayejua kutumia majina hayo kwa usahihi ameshafika mbali katika kutambua ndege wala nyama.

Majina mengine yametokana na sauti. Dudumizi huanza kulia polepole, kisha sauti inateremka na kuharakisha, du-du-du-du, kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa, na wakulima wengi humsikiliza wakitarajia mvua. Hondohondo analitangaza jina lake mwenyewe. Gogota hugogota. Yapo pia yanayotia hofu: kipasuasanda, ndege wa usiku ambaye watu waliisikia sauti yake kama kitambaa cha maiti kinachochanwa. Hofu ya namna hiyo imewaponza bundi wengi wasio na hatia, wanaopigwa mawe kwa kulia juu ya paa. Kisiwani Pemba yuko bundi mdogo, mwenye kimo cha kiganja cha mtu, asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Msitu wa Ngezi ni miongoni mwa makao yake, na akitoweka hapo kisiwani ametoweka kabisa.

Lakini jina linalostahili kusimuliwa kuliko yote ni askari wa kifaru.

Ndivyo Waswahili wanavyomwita ndege yule mdogo wa kahawia, mwenye mdomo mwekundu na mviringo wa njano kuzunguka jicho, anayepanda migongoni mwa nyati, twiga na vifaru akitoa kupe. Ana ndugu yake ambaye mdomo wake ni wa njano wenye ncha nyekundu, na kiuno chake kimepauka. Jicho la ndugu huyo halina mviringo. Kwa miaka mingi vitabu viliwaeleza kama walaji wa kupe tu, wengine wakiongeza kwamba hudonoa na vidonda vya mnyama ili wanywe damu. Hilo ni kweli pia. Jina la Kiswahili, hata hivyo, linasema jambo tofauti: kwamba ndege huyu analinda. Watafiti wawili, Roan Plotz na Wayne Linklater, waliamua kulipima wazo hilo kwa vifaru weusi wa hifadhi ya Hluhluwe-iMfolozi, Afrika Kusini. Mtu alimkaribia kifaru kwa kificho, upepo ukiwa haupeleki harufu yake, na ikaandikwa kama mnyama ameshtuka au la. Kifaru haoni vizuri. Vifaru wasio na ndege mgongoni walimgundua mtu mara 23 tu kati ya 100. Waliokuwa na ndege walimgundua kila mara, na akiwa bado mbali, kwa wastani wa mita 61. Ndege alilia, kifaru akageuka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, na watafiti walisema wazi kwamba jina la Kiswahili lilikuwa sehemu ya kilichowasukuma kuuliza swali lile.

Kwa hiyo neno lililokuwa vinywani mwa watu kwa vizazi lilikuwa limebeba matokeo ya utafiti. Ni majina mangapi mengine ya namna hiyo yamelala katika lugha za makabila ya Afrika Mashariki, yakingoja mtu wa kuyasikiliza?

Ndege mwingine ameuthibitisha ujuzi wa wenyeji kwa namna ya kushangaza zaidi, kwa kuwa yeye ndiye anayemtambua binadamu. Huyu ni mlembe, ndege mdogo wa kijivu, asiye na uzuri wa kumfanya mtalii asimamishe gari. Anapenda nta na mabuu ya nyuki lakini hawezi kuvunja mzinga. Humtafuta mtu, akalia mbele yake kwa kelele, akaruka mti hadi mti mpaka wafike kwenye mzinga. Mtu hufukiza moshi na kuchukua asali, mlembe hupata nta. Mwaka 1989 Hussein Isack wa Kenya, pamoja na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, walionyesha kwamba Waborana wa kaskazini mwa Kenya wakitafuta nyuki bila ndege hutumia karibu saa 9 kwa kila mzinga, na wakiongozwa naye hutumia zaidi kidogo ya saa 3.

Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa mtetemo wa ulimi unaomalizikia na mguno mfupi. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi humwita kwa mluzi. Watafiti Claire Spottiswoode na Brian Wood walipeleka sauti zilizorekodiwa pande zote mbili na kuzicheza porini. Mlembe wa Eyasi aliuitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mguno wa Wayao, na kule Niassa mambo yakawa kinyume chake. Ndege wa kila mahali amejifunza lafudhi ya watu wake. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2023, wakati ambapo sukari na asali ya dukani zimeshawafanya vijana wengi waache kwenda na mlembe porini. Pale ambapo hakuna anayemwita tena, ndege huyo naye huacha kuongoza watu, na mazungumzo ya maelfu ya miaka hukatika kimya kimya.

Anayetaka kuona ndege wengi kwa mara moja aende kati ya Oktoba na Aprili, wanapokuwepo wahamaji. Mbayuwayu wa Ulaya hujipanga kwenye nyaya za umeme, keremkerem hupita angani wakiitana, na korongo weupe huteremka kwa mamia kwenye mashamba na mbuga kufuata nzige na panya. Kozi wa Amur hutoka mashariki ya mbali ya Asia, huivuka Bahari ya Hindi na kupita juu ya Tsavo na nyika za Tanzania mnamo Novemba na Desemba akielekea kusini mwa Afrika. Wote hula hapa, wakanenepa, kisha wakarudi kwao kutaga. Msemo wa kanga hazai ugenini unawafaa hao kuliko hata kanga mwenyewe.

Watu wa Ulaya walichelewa kuujua ukweli huo. Waliona korongo wakitoweka kila mwaka baridi inapokaribia, na wapo walioamini kwamba ndege hulala chini ya maji mpaka joto lirudi. Mwaka 1822, karibu na Klütz kaskazini mwa Ujerumani, alipigwa korongo mweupe aliyekuwa amechomwa shingoni na mshale wa mbao wenye urefu wa sentimita 80 hivi. Mshale ulikuwa wa Afrika. Ndege yule alikuwa amejeruhiwa na mwindaji huku, akaruka nao mpaka Ujerumani. Alikaushwa, na mpaka leo yuko katika Chuo Kikuu cha Rostock, mshale ukiwa bado shingoni. Siku hizi kazi ile hufanywa na pete nyepesi za chuma. Pale Ngulia, katika Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969 wataalamu na watu wa kujitolea hukusanyika kila mwisho wa mwaka. Usiku wa ukungu usio na mwezi, wahamaji wadogo huvutwa na taa za hoteli iliyoko mlimani, hunaswa kwenye nyavu laini, huvishwa pete yenye namba na kuachiwa. Baadhi ya pete hizo zimeokotwa maelfu ya kilomita kaskazini.

Kuna ndege ambao mtalii huwatazama kwa kinyaa, na ndio wanaohitaji kutazamwa kwa haraka zaidi. Tumbusi wakizunguka juu ya mzoga, jicho lisilozoea huona kundi moja la weusi. Lakini mzogani kila mmoja ana kazi yake. Yule mkubwa mwenye mikunjo ya ngozi usoni ana nguvu za kuchana ngozi iliyomshinda mwingine. Wenye shingo ndefu zisizo na manyoya huingiza vichwa ndani ya mbavu. Kati yao, yule ambaye manyoya yake yana kingo nyeupe kama magamba ya samaki na mdomo wake umeelekea unjano ni tumbusi wa Rüppell, na mwenye mdomo mweusi na mgongo mweupe anaoufichua akiruka ni ndugu yake. Mdogo mwenye mdomo mwembamba husubiri pembeni adonoe mabaki ya kwenye mifupa. Tarehe 29 Novemba 1973 ndege ya abiria iligonga tumbusi wa Rüppell juu ya Abidjan ikiwa kwenye kimo cha mita 11,300 hivi. Hakuna ndege mwingine aliyewahi kuthibitishwa akiwa juu kiasi hicho.

Leo wote wawili, wa Rüppell na mwenye mgongo mweupe, wako katika daraja la mwisho la hatari kabla ya kutoweka porini. Katika Masai Mara tumbusi walipungua kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka 30 hivi. Sumu ndiyo muuaji mkubwa. Mfugaji aliyeliwa ng'ombe na simba hupaka mzoga dawa ya wadudu. Simba mmoja akifa, tumbusi mia wanaweza kufa naye. Jangili hutia sumu kwa makusudi, kwa sababu tumbusi wanaozunguka angani humwonyesha askari wa wanyamapori mahali tembo alipouawa. Mtazamaji anayeweza kuwatofautisha na kuwahesabu kwa aina ana msaada wa kweli hapa, maana huwezi kujua nani anapungua kama wote kwako ni tumbusi tu.

Vifaa havihitaji kuwa vya fahari. Darubini iliyoandikwa 8x42 inatosha: namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na kioo kikiwa kipana picha huwa angavu hata alfajiri. Zile zinazokuza mara 12 au 16 hutikisika mkononi na kuchosha. Wanaoanza huinua darubini kisha wakaanza kumtafuta ndege ndani yake, na hapo anakuwa ameshaondoka. Mwenye uzoefu humkazia macho ndege, hayatoi kwake, kisha huleta darubini machoni. Saa bora ni kuanzia jua linapochomoza hadi saa tatu asubuhi, na tena alasiri. Ndani ya hifadhi gari ni maficho mazuri, mradi injini izimwe na watu wanyamaze. Daftari dogo la kuandika saa, mahali na alichokuwa akifanya ndege linafaa kuliko simu, ingawa programu za simu za kutambua sauti zimewasaidia wengi. Kucheza sauti iliyorekodiwa ili ndege ajitokeze ni tabia ya kuachwa, hasa wakati wa kutaga, kwa sababu ndege huacha kiota akidhani amevamiwa na mpinzani.

Na asiye na nauli ya Serengeti ana kunguru. Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa wako wawili. Mwenye kifua cheupe kama kanzu ni mwenyeji wa Afrika. Mwenye shingo ya kijivu ni wa Bara Hindi, aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji, akazaliana mpaka akawa adui wa makinda ya ndege wengine pwani nzima. Mtoto anaweza kuwahesabu kutoka dirishani.

Wagumu kuliko wote ni wale ndege wadogo wa kahawia wa kwenye nyasi, sistikola. Wako wa aina nyingi, na juu ya bua la nyasi wanafanana kama punje za mtama. Wataalamu huwatofautisha kwa sauti. Chini ya milima ile ile ya Udzungwa, katika bonde la Kilombero, karibu na Ifakara, watu walikuwa wakivuka mto kwa kivuko kabla daraja halijajengwa. Walikaa kandoni na magunia ya mchele, na kwenye matete mbele yao mnana wa njano walikuwa wakifuma viota, na sistikola wakiimba. Mwaka 1986 ndipo watazamaji walipogundua kwamba yule mnana hakuwa kwenye kitabu chochote. Mwaka 1990 alipewa jina rasmi: mnana wa Kilombero. Sistikola wawili wa matete yale yale walisikika kuwa tofauti tangu wakati huo, lakini iliwabidi wangoje hadi mwaka 2021 ndipo nao wakaandikwa rasmi kuwa aina mpya.